Mambo ya Nyumbani: Sanduku la Chuma la Fundi

Safari hii twataka kuzungumza juu ya kitu kilichomo katika nyumba nyingi wala hakitazamwi, nacho ni sanduku la chuma la vyombo vya kazi. Aghalabu liko uvunguni mwa kitanda, au stoo nyuma ya magunia, au limefanywa kiti cha watoto barazani. Lilikuwa la baba au la babu, fundi wa magari, au wa mitambo, au wa reli. Mwenyewe hayupo tena, au yupo na mikono yake imekwisha nguvu. Kifuniko kimeshika kutu, bawaba zinalia, na ufunguo umepotea zamani. Wako wanaoliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa bei ya kilo. Wako na wengine ambao siku ya mapumziko hushika msasa wakaanza kulisugua uani, watoto wamewazunguka kutazama. Yule wa kwanza amepoteza mali. Huyu wa pili nia yake ni njema, lakini amewatia wanawe katika hatari asiyoijua, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika maneno haya.

Masanduku haya si ya namna moja. Liko lile linalofunguka ngazi ngazi, visahani vyake vikipanda kushoto na kulia kama mbawa za ndege. Hili ndilo la gereji. Liko lile la bati lenye kifuniko kimoja na trei ndani, la ndugu moja na masanduku ambayo mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, huyakunja kwa nyundo na kuyauza hata leo. Na liko lile la droo, la fundi wa mashine, ambalo habari zake hazijulikani sana kwetu. Huko Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, fundi wa mashine alikuwa akinunua vyombo vyake vya kupimia kwa fedha yake mwenyewe, akivibeba kutoka kazi hii hata ile, na sanduku lake lilikuwa la mbao. Katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, kampuni ya Gerstner ilianza kuyatengeneza hayo ya mbao mwaka 1906. Mwaka 1911, katika jimbo hilo hilo, mji wa Van Wert, ikaanzishwa kampuni ya Kennedy, ambayo jina lake lilienea kwa masanduku ya feleji yenye rangi ya kahawia iliyokunjamana kama ngozi ya mzee. Droo zake zimetandikwa kitambaa kizito, na mbele liko bamba linalopanda kuzifunika zote, kisha kifuniko kikishuka hulishika bamba lile lisitoke. Yeyote alipataye sanduku la namna hiyo asilazimishe droo kwa bisibisi. Aanze kwa kifuniko.

Lakini kabla ya kushika brashi yako swali lingine, nalo ni kwamba sanduku hili ni mali ya nani. Sanduku la marehemu na vyombo vilivyomo ni sehemu ya mirathi sawasawa na nyumba na shamba. Hupita kwanza katika madeni na wasia, kisha huenda kwa warithi wote, wanaume kwa wanawake. Ni desturi mbaya iliyozoeleka kwamba mtoto wa kiume aliye karibu hulichukua kimya kimya, akasema dada zake watafanyia nini spana. Maikrometa moja nzima yaweza kuwa na thamani kuliko sanduku lenyewe. Basi vyombo vitolewe mbele ya wenyewe, viandikwe katika daftari, na kila droo ipigwe picha kwa simu kabla haijaondolewa kitu. Picha zile zitafaa mara mbili, kwa hesabu ya mali na kwa kujua kila kitu kilikaa wapi, maana fundi mzuri hakupanga ovyo. Tena mtu atazame chini ya kitambaa cha droo. Wazee walikuwa na mazoea ya kuficha hapo risiti, vipimo vilivyoandikwa kwa penseli, na pengine noti.

Sasa tuje kwenye rangi, na hapa twaomba msomaji asiwe na haraka.

Rangi za zamani za kupaka chuma zilitiwa risasi kwa makusudi. Ile iitwayo risasi nyekundu, yenye rangi ya chungwa iliyokolea, ndiyo iliyokuwa ikipakwa chini, juu ya chuma kitupu, kwa kuwa huzuia kutu vizuri sana. Na rangi nyingi za juu, za manjano, za chungwa na za kijani, zilipata ung'avu wao katika mchanganyiko wa risasi na kromu. Ubaya wake haukujulikana jana. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1921 ulikwisha kataza risasi nyeupe katika kupaka ndani ya majengo, lakini ukaacha mlango wazi kwa stesheni za reli na viwanda. Marekani iliikataza rangi ya risasi katika matumizi ya nyumbani mwaka 1978. Rangi za viwandani hazikuguswa na marufuku hiyo. Kwa hiyo mtu asijipe amani kwa kusema kuwa sanduku lake si la kale sana. Sanduku la karakana lilipakwa rangi za karakana, na mara nyingi mwenyewe alilipaka tena kwa rangi iliyobaki kazini.

Risasi iliyotulia ndani ya rangi nzima haimdhuru mtu kwa kutazamwa. Madhara huja igeukapo vumbi. Mtu asuguapo kwa msasa mkavu, au kwa brashi ya waya iliyofungwa katika keekee ya umeme, hutoka vumbi jembamba lisiloonekana kwa jicho, likatua sakafuni, juu ya mkeka, juu ya nguo zilizoanikwa. Mtoto atambaaye hulishika, kisha hutia kidole kinywani. Mwili wa mtoto mdogo hunyonya risasi aliyoimeza mara 4 au 5 kuliko wa mtu mzima. Ikisha ingia hukaa mifupani miaka mingi, na kwa mwanamke mwenye mimba hutoka mifupani ikamfikia aliye tumboni. Hupunguza akili ya mtoto na utulivu wake pasipo homa wala upele wa kumwonya mama. Mzazi ataona tu kwamba mwanawe ni mzito wa kusoma, akalaumu shule. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kuwa hakuna kiasi cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa salama.

Basi sisi twasema hivi: rangi ya zamani isisuguliwe kavu, hata kidogo, hata kwa dakika moja. Viko vijiti vya kupimia risasi vinavyouzwa, na kijiti kikigeuka rangi kimethibitisha. Kisipogeuka, hakijathibitisha kitu, kwa sababu risasi yaweza kuwa katika rangi ya chini ambayo kijiti hakikuifikia. Iliyo salama ni kuihesabu kila rangi ya zamani kuwa inayo. Kazi ifanywe nje, mbali na kisima na mahali pa kupikia, juu ya karatasi pana ya nailoni. Utumike msasa wa maji, na maji yasikauke juu ya chuma wakati wote wa kusugua. Kitambaa cha kufungia pua hakizuii vumbi hili. Yatakiwa barakoa yenye vichujio vya vumbi jembamba, ile iandikwayo P100. Watoto na wanawake wenye mimba wasiwepo kabisa, si kwamba wakae kando tu. Ayafanyaye hayo asile wala asivute sigara hata anawe. Tope na matambara vifungwe katika kopo lenye kifuniko. Maji yasimwagwe kwenye mchicha. Na nguo zake zisitupwe katika tenga moja na za watoto, bali zifuliwe peke yake siku ile ile. Jambo hili la nguo watu hulidharau, ilhali vumbi la kazini huingia nyumbani kwa nguo.

Wengine hudhani watakwepa usumbufu huu kwa kuchoma rangi kwa moto wa gesi. Hapo wameongeza madhara, maana moto ule hugeuza risasi kuwa mvuke, na mvuke huingia kifuani moja kwa moja. Na kwa habari ya dawa za kubabua rangi, mtu asome kopo. Zenye methilini kloraidi zimeua watu waliozitumia vyumbani, na Marekani ilikataza zisiuzwe kwa watu wa majumbani mwaka 2019.

Baada ya kusema yote hayo, rai yetu ni kwamba masanduku mengi hayahitaji kutolewa rangi hata kidogo. Rangi iliyoshikamana na chuma iachwe. Sanduku lioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, grisi ya miaka itolewe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, likaushwe, kisha lipakwe nta. Mikwaruzo iliyobaki ni ya mwenyewe, na alama ya kiganja chake pale penye mpini haiuzwi dukani. Sisi hatupendezwi na sanduku la miaka 60 linalong'aa kama sufuria mpya. Ila rangi ikiwa inabanduka magamba, hapo hakuna hiari. Haifai kuachwa ndani ya nyumba yenye watoto, lazima itolewe kwa njia tuliyoieleza.

Kutu ni jambo jepesi kuliko rangi, lakini kwa watu wa pwani kutu ina msaidizi wake, naye ni chumvi. Mtu wa Tabora aweza kukwangua, kupaka, na kusahau. Wa Mombasa, Tanga au Unguja akifanya hivyo, haupiti muda mrefu ataona vipele vinafumka chini ya rangi mpya. Sababu yake ni kwamba chumvi ya upepo wa bahari hupenya chini ya kutu hata kwenye vishimo vidogo vya chuma, ikajifungia humo. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa, na kazi ya kutu huendelea gizani hata kama juu kumepakwa rangi mbili. Dawa yake ni maji matamu. Chuma kilichokwanguliwa kioshwe kwa maji ya moto mara tatu au nne, kila mara maji mapya, na brashi ipite vishimoni. Maji ya kisima cha pwani aghalabu yana chumvi yake mwenyewe. Yafaa ya mvua.

Vitu vidogo visivyo na rangi, kama bawaba, komeo na skrubu, vyaweza kulazwa katika siki ya kawaida usiku mmoja, au katika maji yaliyotiwa unga wa ndimu, gramu 50 kwa lita. Asubuhi kutu huwa imelegea, ikatoka kwa brashi ya meno. Kisha vioshwe kwa maji yenye magadi kidogo ili ukali wa siki ufe, vikaushwe mara moja, na vipakwe mafuta, kwani chuma kilichotoka katika siki hushika kutu mpya kabla mtu hajamaliza kikombe cha chai. Kitu chenye rangi ya zamani kisilazwe humo: siki huyeyusha risasi, na maji yale yatakuwa sumu. Wala mtu asichanganye siki na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe kwa kutumaini usafi mara mbili. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini, ambayo huunguza mapafu.

Iko njia ya umeme pia, nayo huwapendeza vijana. Hutwaliwa ndoo ya plastiki, maji, na kijiko kikubwa cha soda ya kufulia, yaani magadi yaliyosafishwa, kwa kila lita 4. Kile chenye kutu hufungwa katika waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12, na kipande cha chuma kisicho na thamani katika waya chanya, visigusane. Kutu huachia kwa saa chache na chuma chenyewe hakiliki. Njia hii ni nzuri, illa ina masharti mawili yasiyokiukwa. La kwanza, kile kipande cha waya chanya kisiwe cha chuma kisichoshika kutu, kama kijiko cha mezani, kwani hutoa majini kromu ya namna iletayo saratani. La pili, kazi iwe nje penye upepo, mbali na moto, maana povu lile lipandalo ni hidrojeni na hulipuka.

Pale ambapo kutu imekaa pembeni isipofikiwa na brashi, yafaa kuigeuza badala ya kuitoa. Tanini, ambayo ndiyo iutiayo ukali mdomoni mwa mnywaji wa chai ya rangi, na ndiyo wasindikao ngozi waitafutayo katika magome, ikikutana na kutu huigeuza kuwa kitu cheusi kilichotulia kisichoendelea kula chuma. Dawa za kugeuza kutu ziuzwazo madukani nyingi hutumia hiyo. Watu wa pwani yetu waliyajua magome ya mikoko kwa kutia ngozi rangi zamani sana, na wataalamu wa Malaysia wamechunguza tanini ya mikoko kwa ajili ya kuzuia kutu. Hatusemi watu waende kubandua mikoko. Kopo la dukani latosha.

Habari za kunyoosha palipobonyea hatutazirefusha. Gogo laini upande mmoja, nyundo ya mpira upande wa pili, mapigo mengi mepesi. Droo inayokwama mara nyingi haikupinda; imejaa grisi iliyoganda, na mafuta ya taa huiachilia. Ufunguo uliopotea usimfanye mtu atoboe kufuli: wakati mwingine namba ya ufunguo imechongwa usoni mwa kufuli lenyewe, na fundi wa funguo aweza kuchonga mpya kwa namba hiyo.

Ikiwa sanduku limetolewa rangi na halina budi kupakwa, kwanza iwe rangi ya kuzuia kutu isiyo na risasi, kama ile ya zinki fosfeti, tabaka mbili nyembamba, kisha rangi ya juu. Lile kunjo la masanduku ya Ohio latokana na rangi ambayo ngozi yake ya juu hukauka na kutanuka kabla ya chini, ikajikunja. Zamani ilifanywa kwa mafuta ya tung, mti wa Uchina ambao ulipata kulimwa hata Nyasaland, nchi iitwayo Malawi sasa, na viwandani sanduku lilitiwa katika tanuri. Siku hizi iko ya kupuliza katika makopo. Hupulizwa nene, tofauti na rangi nyingine, na jua kali la mchana husaidia kuikunja. Kwa hiyo mtu wa pwani angoje kaskazi, Januari na Februari, wakati hewa ni kavu. Rangi iliyopakwa masika hufunga unyevu ndani.

Kitambaa cha droo kikiwa kimeoza, hatushauri kurudishia kizito kama cha kwanza kwa watu wakaao karibu na bahari. Kitambaa kizito hunywa unyevu na kuulaza chini ya chombo usiku kucha. Kitandikwe chembamba kisichogundishwa, kitolewe na kuanikwa kila baada ya miezi michache, na kila chombo kifutwe mafuta kidogo kabla ya kurudishwa mahali pake kwa kufuata zile picha. Sanduku lenyewe lisikae juu ya sakafu ya saruji. Liwekwe juu ya vipande viwili vya mbao ili hewa ipite chini.

Mwisho wa kazi, ndani ya kifuniko, ibandikwe karatasi iliyoandikwa kwa wino usiofutika: jina la mwenyewe wa kwanza na kazi aliyoifanya, mwezi na mwaka lilipotengenezwa, aina ya rangi mpya, na ikiwa ya zamani ingaliko chini au juu, neno hili kwa herufi kubwa: RANGI HII YAWEZA KUWA NA RISASI, ISISUGULIWE KAVU.